Mtoto Aliyegeuzwa Macho

Watu wakizungumzia wivu wa wake wenza, huwa wanafikiria wake wa mwanamume mmoja. Felista na Happy wa Nkende hawakuwa na mwanamume. Wote wawili waliolewa na bibi mmoja, Gati, mjane ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Alitoa ng'ombe wake mwenyewe, akaoa kwa taratibu zote za nyumba ntobhu, ili wake zake wamzalie na jina la marehemu mume wake lisife. Mwanamume anayeleta mimba hatajwi, wala haulizwi kitu. Mtoto ni wa nyumba.

Felista ndiye aliyetangulia. Alikaa miaka sita na mimba haikushika. Gati hakumfukuza, hakumsema, hata kumnunia hakumnunia, na upole huo ulimuuma Felista kuliko matusi. Bibi alikwenda tu Itiryo kimya kimya, akarudi na Happy, binti wa miaka ishirini na moja mwenye kicheko cha karibu. Kabla mwaka haujaisha, boma likapata mtoto wa kiume. Wakampa jina la marehemu, Muhiri. Siku hiyo Gati alicheza peke yake uani mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka, na Felista ndiye aliyekuwa jikoni akiwapikia wageni.

Usidhani alimchukia yule mtoto. Angemchukia ingekuwa nafuu. Alimtaka. Alimtaka mpaka mikono ikawa inamuuma. Naye Muhiri, kila akipakatwa na Felista, alijinyonga na kulia mpaka arudishwe kwa mama yake. Happy alikuwa akicheka na kusema, "Dada, anakuonea aibu tu." Felista naye alicheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuchanja kuni ambazo hakuna aliyemtuma kuzichanja.

Kilichokuwa kikimpa pumzi ni rangi. Nyuma ya mashine ya kusaga aliishi Mwalimu Deus, mzee aliyefundishwa uchoraji na mapadri wa Kizungu zamani, na ambaye siku hizi alikula kwa kuandika mabango ya maduka na maneno ya nyuma ya malori. Kwenye chumba chake cha uani alifundisha kuchora kwa rangi za mafuta, zile zinazokuja kwa mirija midogo kupitia mpaka wa Sirari. Walioanza walikuwa watano. Wanne walichoka, maana rangi ile haina haraka. Unapaka leo, unasubiri wiki. Felista alibaki. Mzee alisema hajawahi kupata mwanafunzi mwenye mkono kama ule, na hilo ndilo neno zuri pekee ambalo Felista aliambiwa mwaka ule.

Kazi yenyewe ilikuwa kunakili. Mwalimu alikuwa na karatasi kubwa iliyochapishwa picha ya mchoraji fulani wa Ulaya wa miaka mia nne iliyopita, picha ya kuzaliwa: Mama, Mtoto, wachungaji watatu, ng'ombe mmoja. Unaigawa karatasi kwa miraba, unaigawa kanvasi, kile kitambaa cha kuchorea, kwa miraba ileile, unahamisha mraba mmoja mmoja. Halafu unapaka koti la kwanza la kijivu, watu wote wakae kama wagonjwa. Likikauka, unawapa rangi ya ngozi. Mwisho kabisa, siku ya mwisho, unaweka ndani ya kila jicho nukta nyeupe ya mwanga. Mwalimu alimwambia ajione kama mgeni aliyeachiwa nyumba ya mwenzake: afagie, afute vumbi, asihamishe viti.

Wazee wa kigango walisikia, wakaomba picha hiyo iwekwe nyuma ya altare ya kanisa jipya. Gati alipokuja kuiona kwa mara ya kwanza, hakumtazama Mama wala Mtoto. Alimtazama ng'ombe kwa muda mrefu, akatoa uamuzi kwamba ana minyoo.

Shida ilikuwa moja. Unyevu ulikuwa umekula uso wa Mama kwenye karatasi ya mwalimu, ukaacha doa la njano. Happy mwenyewe alijaribu kuitafuta picha ile kwenye simu yake, akapata akina Maria wengi wa Kizungu, lakini si yule. Basi Mwalimu Deus akaamua sura zichukuliwe za watu wa hapahapa, mikao ibaki ya mchoraji. Akasema mama yupo na mtoto yupo, tena boma moja na mchoraji. Happy akae na Muhiri, achorwe.

Happy alifurahi kama amealikwa harusi. Michana minne mfululizo alikuja amejifunga kitenge cha bluu, akaketi karibu na dirisha na mwanawe mapajani, akihadithia habari za Itiryo bila kupumzika. Felista alimchora Muhiri. Alichora mashavu, mkunjo wa shingo, kiganja kimoja kifuani na mguu mmoja uliokunjwa. Alipata vyote, mpaka ule wekundu wa masikio mtoto akikaa juani. Uso wa Happy aliuacha kijivu, akasema ataumalizia baadaye.

Wiki hiyo Mwalimu Deus alipelekwa Musoma kufanyiwa upasuaji wa jicho. Alimwachia Felista ufunguo.

Felista akaingia asubuhi na kioo cha ukutani kutoka chumbani kwake. Akafunga mlango. Akajitazama, akachora. Alijua anachokifanya, tusimtafutie udhuru. Alisema moyoni kwamba mtoto ni wa nyumba, na yeye ndiye mke wa kwanza wa nyumba hiyo, kwa hiyo ana haki walau kwenye kitambaa. Siku ya tatu Mama wa picha alikuwa na paji la uso la Felista, pua ya Felista, na mdomo wa Felista unaotaka kutabasamu.

Bado kulikuwa na kitu kinamkera. Kwenye picha ya yule Mzungu, Mtoto hamtazami mama yake. Anatazama pembeni, kwa wachungaji. Kwa hiyo hata pale, mikononi mwake, Muhiri alikuwa amempa kisogo.

Akachukua brashi nyembamba. Akayahamisha macho, kidogo tu, upana wa uzi. Mtoto akamtazama. Felista hakungoja wiki. Rangi ikiwa bado mbichi, akaweka nukta mbili nyeupe, ndogo kama chumvi, juu upande wa kushoto wa kila mboni. Ilikuwa saa nne asubuhi na nje mashine ya kusaga ilikuwa inaunguruma kama kawaida.

Alipofika nyumbani, Happy alikuwa kwenye mkeka ananyonyesha. Muhiri akaliachia ziwa. Akageuza shingo, akamtazama Felista aliyesimama mlangoni, na hakuondoa macho.

Felista akanyoosha mikono. Mtoto akaja. Hakujinyonga, hakulia. Alikaa mapajani mwake mchana kutwa, kiganja kimoja kifuani, mguu mmoja umekunjwa, macho juu ya uso wake. Happy alisema, kwa kicheko kilichopungua kidogo, kwamba leo dada amepata mchumba. Felista alijisikia kama mtu aliyepewa maji baada ya safari ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu Happy aletwe alimwonea huruma.

Jioni ile Muhiri hakunyonya. Kesho yake hakunyonya pia. Happy alimkamulia maziwa kwenye kijiko. Mtoto aliyameza bila kumtazama anayemlisha. Alikuwa anamtafuta Felista. Felista akienda kisimani, Muhiri aligeuza uso kuelekea kisima. Akizunguka nyuma ya nyumba, uso ulizunguka taratibu, ukifuata ukuta wa tofali, mpaka ukasimama pale alipokuwa amesimama Felista upande wa pili.

"Anaona nini ukutani?" Happy aliuliza kwa sauti ya chini.



Siku ya nne Gati alimbeba kuingia jikoni. Jiko lao halina dirisha, na moto ulikuwa haujawashwa. Felista alikuwa anafuata nyuma na sufuria. Gizani mle akaviona vitu viwili vyeupe vinavyomtazama, vidogo kama chumvi, juu upande wa kushoto. Akampokea mtoto kwa Gati, akatoka naye nje kwenye jua kali. Nukta zilikuwa palepale. Akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule. Mwanga wa jua ulihama usoni mwa Muhiri. Nukta hazikuhama.

Hakumwambia mtu. Hapo ndipo mtu mwingine angekimbia kwenda kuifuta ile picha. Yeye alikaa na mtoto wake mapajani, akiogopa, na akifurahi.

Zahanati walimpima, wakasema hana homa, hana malaria, wakawarudisha na dawa ya minyoo. Lakini Muhiri alikuwa hatambai tena. Popote ulipomweka, alirudi kwenye mkao ule mmoja. Halafu akaacha kupepesa. Nzi akatua kwenye kope yake, akatembea, akaondoka kwa wakati wake.

Asubuhi moja Happy alileta kanga yake kwa Felista na kumwonyesha doa. Alisema alimlaza mtoto begani, na alipomwinua akakuta hili. Lilikuwa doa la rangi ya ngozi, lenye wekundu kidogo, la ukubwa wa shavu. Felista akalinusa. Yalikuwa mafuta ya kitani, yale ya kuchanganyia rangi.

Akamtazama Muhiri. Kwenye shavu la kushoto, pale lilipolala begani, rangi ilikuwa imepungua. Chini yake kulionekana kijivu.

Mwalimu Deus alirudi siku hiyohiyo, jicho moja limefungwa bandeji. Felista alikwenda kwake. Akamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Mzee hakuitikia. Alikuwa amesimama mbele ya kanvasi, pua karibu iguse rangi, akisogeza jicho lake zima kutoka uso wa Mama hadi uso wa Mtoto.

"Nani alikuambia umgeuze macho?" alinong'ona.

Felista alianza kueleza kuhusu unyevu na doa la njano. Mzee akamkatiza kwa mkono. Alisema sura si hoja, sura yeye mwenyewe aliruhusu. Lakini yule mtoto alikuwa anatazama watu waliomjia, kwa miaka mia nne, na sasa amefungiwa kutazama mtu mmoja. Akauliza mtoto wa nyumbani anaendeleaje. Felista alipomwambia, mzee aliketi kwenye ndoo ya rangi.

Kisha akatoa maagizo. Mama akwanguliwe kwa kisu, uso wote, mpaka kitambaa kionekane. Asipake juu yake, akwangue. Halafu uso wa mwenye mtoto uwekwe pale, na macho ya Mtoto yarudishwe kwa wachungaji.

"Ukibakiza hata ukope wako," alisema, "atakutafuta."

Wewe unafikiri alikwangua siku ile? Felista alirudi nyumbani mikono mitupu. Alikaa siku mbili nzima. Alijiambia labda mtoto atazoea, labda atakula tu akisikia njaa. Ukweli ni kwamba alikuwa hajawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, si mama yake, si Gati, si wale wanaume wasiotajwa, na hakuona ni kwa nini Happy, mwenye kila kitu, apate na hili.

Siku ya pili mchana Happy alikuja akapiga magoti mbele yake kwenye mkeka. Kifua chake kilikuwa kimelowa maziwa yasiyo na mwenyewe. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo imetokeza.

"Dada, mchukue," alisema. "Awe wako. Nitamwambia Mama Gati ni mimi nimekupa. Mradi anyonye kwako."

Akamweka Muhiri mapajani mwa Felista, akamfungulia Felista vifungo vya blauzi kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto akafumbua mdomo. Akangoja. Alingoja na macho yake yasiyopepesa juu ya uso wa Felista, mdomo wazi, na Felista hakuwa na kitu cha kumpa hata tone.

Felista alimrudishia Happy mtoto, akainuka, akaenda kwa mwalimu mbio, bila viatu.

Kisu cha rangi ni chembamba, hakina makali ya kutisha. Alianza na macho ya Mtoto. Aliyakwangua yote mawili, akayarudisha kwa wachungaji kama yalivyokuwa kwenye karatasi. Kisha akageukia uso wa Mama. Akaweka ncha ya kisu kwenye paji. Na yule mwanamke kwenye kitambaa alikuwa mzuri. Felista hakuwahi kujiona mzuri. Alikuwa na mtoto mikononi, na alikuwa anataka kutabasamu.

Mwalimu alikuwa mlangoni, na jicho lake moja lilikuwa linatoka machozi.

"Umekwangua?" aliuliza.

"Nimekwangua, mwalimu."

Akachanganya rangi nzito na kupaka koti la kijivu juu ya uso wake mwenyewe. Aliufunika kwa upole, kama unavyomfunika mtu shuka. Juu ya kijivu akamchora Happy, kwa haraka, bila kuhitaji kumwita akae; uso ule aliujua kwa chuki yote aliyokuwa nayo.

Alipofika kwenye kona ya boma alisikia kilio cha mtoto. Muhiri alikuwa anapiga mateke mikononi mwa mama yake, macho yamefumbwa, kamasi zinamtoka, ananyonya na kulia kwa wakati mmoja. Gati alikuwa ameketi chini kwenye vumbi akirudia neno moja la kilugha chao la kumwita mtoto wa kiume, "Mura, mura." Felista alinyoosha mkono amguse kisigino. Mtoto akajinyonga, akaficha uso kwa Happy.

Picha ilibarikiwa mwezi uliofuata. Waumini walimtambua Happy, wakapiga vigelegele, na hata ng'ombe aliwapendeza walioko nyuma. Mwalimu Deus hakuja, alisema jicho linamsumbua. Felista aliomba apewe zamu ya kufagia kanisa kila Jumamosi, na wazee wakamsifu kwa moyo wake.

Sasa ni miaka miwili. Muhiri anakimbia, anamrushia mawe jogoo wa jirani, anamwita Felista mama mkubwa akitaka sukari. Hakuna kitu kwake cha kumtilia shaka. Ni Happy ndiye asiyeelewa. Mara kwa mara huamka na mikwaruzo shavuni, mitano, mifupi, imekaa sambamba. Mwanzoni alimkata Muhiri kucha. Kisha akamhamishia Muhiri kitanda cha Gati. Mikwaruzo ikaendelea. Mwezi uliopita mmoja ulifika kwenye kona ya jicho, wakamshona zahanati.

Felista anajua mikwaruzo hiyo ipo pia kwingine. Kila Jumamosi akifika kanisani hukuta vumbi laini la rangi kwenye kitambaa cha altare, la kahawia, chini ya uso wa Mama. Hulifagia kabla katekista hajaja. Akiinua macho huona mistari mitano kwenye shavu la Happy, kila wiki imeshuka kidogo zaidi, na ndani ya mistari hiyo, nyuma ya kijivu, kuna ngozi ya mtu mwingine. Tangu Pasaka kuna jicho.

Jumamosi iliyopita alikwenda na kisu. Mshono wa Happy ulimtisha, na kwa yote aliyonayo moyoni, hakutaka yule binti apofuke. Aliburuta benchi hadi chini ya picha, akapanda. Ilikuwa mchana, watoto wa komunyo walikuwa wanaimba nje. Akaweka ncha ya kisu kwenye mstari wa kwanza.

Kitu kilikuwa kimenasa hapo kwenye rangi. Akakitoa kwa kucha zake, akakiweka kiganjani. Kilikuwa kipande cha ukucha, laini na chembamba, kidogo kuliko punje ya mchele. Kucha za Muhiri sasa ni ngumu na pana, zina tope siku zote. Huu ulikuwa wa mtoto wa mwaka mmoja, umri wa Muhiri alipochorwa. Chini yake kulikuwa na rangi ya kahawia, mbichi.

Felista alikaa kwenye benchi muda mrefu. Alimfikiria Happy na jicho lake. Alimfikiria kwa kweli, na alilia kidogo. Halafu akaufunga ule ukucha kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, akarudisha benchi mahali pake, akaenda nyumbani na kisu ambacho hakikuwa na rangi hata chembe.